Rangi Itengenezwe Mapema: Mazungumzo na Wahariri wa Video

Mwenyekiti, wahariri wenzangu, nanyi wapiga kamera mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawasalimu. Nimeambiwa nizungumzie rangi, na nimeambiwa nisizidishe muda. La kwanza nitaliweza.

Tazameni skrini. Hii ni fremu moja tu: mwimbaji, nguo nyekundu, pazia jeusi nyuma yake. Hapo ulipokaa unaiona haina neno. Sasa naikuza mara 4, nasogea kwenye bega. Mnaona? Kope zake zinahesabika moja moja, lakini ukingo wa bega umefanya ngazi, na wekundu umevuka mpaka ukamwagikia kwenye pazia. Aliyerekodi hakukosea fokasi. Lenzi nayo haina kosa, maana ingekuwa lenzi, na kope zingeingia ukungu. Picha iliingia kwenye kamera ikiwa nzima. Ilipobanwa ili itoshe kwenye kadi, rangi ndiyo iliyotolewa kafara.

Jambo langu la leo ni hili. Sehemu kubwa ya matatizo ya rangi mnayoniletea yanatokana na mpangilio wa kazi. Mtu anaanza kurekebisha rangi, katikati ya kazi anaona uchafu, halafu anahangaika kuufuta dakika ya mwisho kabla ya kurenda, yaani kutoa faili la mwisho. Inatakiwa iwe kinyume. Rangi ya video iliyobanwa hutengenezwa mara tu inapofunguliwa, kabla hujagusa mwangaza wala kukoleza chochote, na ikishatengenezwa hulindwa mpaka inapotoka. Yote nitakayoyasema baada ya hapa ni kueleza kwa nini.

Tuanze na kilichotupwa. Video mnayoifanyia kazi haikuhifadhiwa kwa nyekundu, kijani na bluu, hata kama ndivyo skrini inavyoionyesha. Imehifadhiwa kwa tabaka tatu: moja la mwangaza, ambalo mafundi huliita luma, na mawili ya rangi, ambayo kwa pamoja ndiyo kroma. Wazo hili si la jana. Mfaransa Georges Valensi aliliandikishia hataza mwaka 1938, akitafuta namna ya kurusha televisheni ya rangi ambayo hata mwenye seti ya nyeusi na nyeupe angeweza kuipokea. Waliobuni kodeki, yaani kanuni za kubana na kufungua video, walilipenda kwa sababu nyingine: jicho la binadamu ni jepesi kuona tofauti ya mwangaza na zito kuona tofauti ya rangi. Ukipunguza undani wa kroma, watazamaji wengi hawashtuki.

Basi wakapunguza. Chukua fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 katika mtindo wa 4:2:0, ambao ndio wa simu, wa kamera nyingi, na wa karibu kila video inayopita kwenye intaneti. Luma ina pikseli zake zote, 2,073,600. Kila tabaka la kroma lina 960 kwa 540, yaani 518,400. Ni robo. Pikseli nne za mraba mmoja zinagawana rangi moja. Hapo hata kubana kwenyewe hakujaanza, na nusu ya data imeshakwenda. Kamera za DV, zilizoingia mwaka 1995, zilikuwa na balaa lao: katika NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, zilitumia 4:1:1, ambamo pikseli nne za mstari mmoja ndizo zinazogawana rangi, hivyo upana wa pikseli 720 unabaki na sampuli 180 za rangi. Mwenye kuhifadhi kanda za miaka hiyo anazijua zile rangi zinazotambaa kwenda kando.

Sasa, kwa nini nguo nyekundu, na siyo ya njano? Hapa hesabu inakuwa tamu, naomba mnivumilie. Luma hupatikana kwa kuchanganya rangi tatu kwa uzito usiolingana. Kwa kiwango cha HD, kinachoitwa Rec. 709, kijani huchangia asilimia 71.52, nyekundu 21.26, na bluu 7.22 tu. Kwenye mizani ya biti 8, ambayo weusi wake ni 16 na weupe ni 235, njano tupu inapata luma ya 219. Nyekundu tupu inapata 63. Bluu tupu, maskini, 32.

Kwa hiyo ukingo wa nguo ya njano mbele ya pazia jeusi unachorwa na luma yenyewe, kwa ukali wake wote, kutoka 16 hadi 219. Ukingo wa nguo nyekundu unaruka kutoka 16 hadi 63 basi, na tofauti iliyobaki imebebwa na kroma, ile ile iliyobaki robo. Ndiyo maana maandishi mekundu juu ya weusi huchafuka kwenye kila video uliyowahi kuiona. Mbunifu wa michoro akinijia na nembo nyekundu, namwomba azungushe mstari mwembamba mweupe, au apandishe mwangaza wa ule wekundu kidogo. Wengi hukasirika. Wakishaona faili lililotoka, hurudi.

Baada ya kupunguza ndipo kodeki huanza kubana. H.264, ya mwaka 2003 na bado iko kila mahali, huikata picha vipande vya pikseli 16 kwa 16; katika 4:2:0, kipande hicho upande wa kroma kina sampuli 8 kwa 8. Tofauti ndogo ndogo ndani ya kipande huviringishwa mpaka sifuri. Mwangani huoni. Gizani, pale rangi zilipo dhaifu tangu mwanzo, kipande kimoja cha shavu kinabaki na uwaridi na jirani yake kinageuka kijani kijani. Ukipandisha mwangaza wa shavu hilo kabla ya kulisafisha, unapandisha na hivyo viraka. Huo ndio mpangilio mbaya niliousema.

Maji yakimwagika hayazoleki, na rangi iliyotupwa na kodeki hairudi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kuna imani imeenea kwamba ukigeuza klipu ya simu kuwa ProRes 422 au DNxHR, kodeki za kuhariria, rangi inapona. Haiponi. Unapata faili kubwa lenye majeraha yale yale. Faida yake ni kwamba halijeruhiwi mara ya pili wakati wa kuhariri, na hiyo ni faida ya kweli, lakini tusiipe sifa isiyo yake. Programu za akili bandia zinazodai kurudisha rangi nazo hubahatisha tu. Zikibahatisha vizuri, ni sawa kwa tangazo. Kwa ushahidi au kumbukumbu, mimi siziwekei mkono.

Tunachoweza kufanya ni kulijaza pengo kwa akili, na kazi hiyo inaanza pale kroma inapokuzwa kutoka robo kurudi ukubwa kamili. Kila programu hufanya hivyo, kwa siri, unapofungua klipu. Njia ya kivivu ni kurudia sampuli moja kwenye pikseli zote nne. Hapo ndipo ngazi za bega zinapozaliwa. Njia nzuri zaidi hukadiria rangi ya kati kutokana na majirani, na ngazi nyingi hulainika bila wewe kufanya lolote. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kamera, fungua klipu ile ile kwenye programu mbili tofauti, ukuze sehemu moja, ulinganishe. Mara kadhaa nimeona ugonjwa ukiondoka kwa kubadili tu mpangilio wa uchakataji.

Kuna kitu kidogo zaidi, kinachowaponyoka hata wazoefu: sampuli ya rangi imekaa wapi hasa. Katika desturi ya MPEG-2, inayofuatwa na H.264 kwa kawaida, sampuli ya kroma inakaa usawa wa pikseli ya kushoto. Katika JPEG na MPEG-1 inakaa katikati ya pikseli nne. Programu ikidhani ni katikati kumbe ni kushoto, rangi yote inasogea nusu pikseli. Nusu pikseli ni nini? Mara moja, si kitu. Lakini faili lililopita mikono mitatu, kila mkono ukikosea upande ule ule, linakuwa na midomo ambayo rangi yake haikai juu ya midomo. Wanaotumia FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, wana kichujio cha zscale kinachowaruhusu kutaja mahali pa kroma waziwazi. Kitajeni.

Na video ya mistari ya kupishana, ile ya nyuga mbili, yaani nusu-picha mbili, ndani ya fremu moja, ina mtego wake. Kila uga una mistari yake ya rangi. Ukiikuza kroma kana kwamba fremu ni moja nzima, rangi za nyuga mbili zinachanganyika na kingo nyekundu zinaota meno ya chanuo. Mashine nyingi za DVD za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kasoro ya jamii hii ndani ya chipu zake, na watu wakadhani diski ndizo mbovu. Tenganisha nyuga kwanza, halafu ndipo uguse rangi.

Kroma ikishakuzwa vizuri, isafishwe. Na hapa siri ni kuisafisha peke yake. Ukiweka ukungu juu ya picha nzima umeua picha. Ukiweka ukungu juu ya kroma tu, kope zinabaki na ukali wake kwa sababu ukali unakaa kwenye luma. Katika DaVinci Resolve, programu ya kurekebisha rangi, unaweza kuigeuza nodi moja, yaani hatua moja ya kazi, iwe ya YUV, ile ya luma na kroma mbili, ukazima chaneli ya kwanza, na ukungu wako ukaangukia zile mbili za rangi. Katika programu nyingine yoyote yenye tabaka, nakili klipu, iweke nakala juu, itie ukungu, kisha ibadilishe iwe ya kuchangia rangi pekee. Kwa DV ya 4:1:1 sambaza ukungu kwa ulalo tu, kama pikseli nne. Wima haikupoteza kitu, usiiguse. Kwa 4:2:0, pikseli mbili pande zote mbili kwa kawaida zinatosha.

Tena kwa mkono mwepesi. Dalili ya kwanza kwamba umezidisha haiko kwenye ukingo unaoutibu. Iko kwenye midomo. Midomo ni kieneo chembamba chenye rangi kali kilichozungukwa na ngozi, na ukungu ukizidi wekundu wake unavuja kwenda mashavuni, mtu anaonekana mgonjwa. Mimi nikisafisha kroma, jicho langu liko mdomoni na kwenye mboni za macho, siyo begani. Vipo vichujio vyenye akili zaidi, vinavyotazama luma na kuacha kulainisha palipo na ukingo, na vingine vinavyolinganisha fremu zilizotangulia na zinazofuata ili kuondoa rangi zinazocheza cheza gizani. Kama programu yako inavyo, tumia hivyo.

Mtu wa skrini ya kijani, wewe hili linakuhusu kuliko wote. Kukata kijani ni kazi inayotegemea kroma moja kwa moja, na nywele zinazotoka na ngazi zimetokana na zile sampuli robo. Lainisha kroma kabla ya kukata. Ukikata kwanza, hakuna ukungu wa kingo utakaokuokoa.

Ipo njia moja rahisi kuliko zote, na nashangaa inavyopuuzwa. Kama kazi yako itatoka kwa 1920 kwa 1080, rekodi kwa 3840 kwa 2160. Kroma ya 4:2:0 kwa ukubwa huo ni 1920 kwa 1080 kamili. Ukiipunguza picha, kila pikseli ya mwisho inapata sampuli yake ya rangi, na lile tatizo la kugawana linakwisha. Msiongeze chumvi tu: wapo wanaodai kwamba hapo biti 8 zinageuka 10. Kwa luma kuna ukweli fulani, maana unawastanisha pikseli nne kupata moja. Kroma inabaki na biti zake 8 zile zile.

Na biti zenyewe nazo ni habari ndefu. Biti 8 zinakupa ngazi 256 za thamani, siyo zile ngazi za ukingo, na video ya kawaida inatumia 220 tu kwa luma, kutoka 16 hadi 235. Tuseme anga la jioni limekaa kati ya 60 na 90. Ni ngazi 31 kwa anga lote. Ukilikazia utofauti mara mbili, ngazi hizo 31 zinatawanyika kwenye eneo la ngazi 61, na kila ya pili ni tupu. Huo ndio mchirizi mnaouona angani. Watu huniambia wanafanya kazi kwa biti 32 za desimali, kwa hiyo wako salama. Hapana. Biti 32 hazijazi mashimo yaliyokuwepo, zinazuia mapya. Ila ukilainisha anga hilo ndani ya biti 32 kabla ya kulivuta, wastani wa pikseli kadhaa za 70 na za 71 unakuwa 70.4 au 70.7, thamani ambazo biti 8 hazikuwa nazo, na mashimo yanajazwa kabla hayajatanuka. Ukilivuta kwanza, mashimo yanakuwa yameshatanuka kabla hujayajaza.

Hali ni hiyo hiyo unaporekebisha weupe. Katika kugeuza kroma kuwa rangi za skrini, hatua moja ya kroma ya bluu huisogeza bluu ya skrini kwa zaidi kidogo ya hatua 2. Ndiyo sababu chaneli ya bluu ndiyo chafu kuliko zote kwenye video yoyote iliyobanwa. Ukipoza klipu iliyopigwa chini ya taa za njano, unaizidisha bluu, na uchafu wake unazidi pamoja nayo. Safisha, ndipo upoze.

Sitakaa sana kwenye urekebishaji wenyewe. Kila mmoja ana jicho lake. Ila mkitaka kunoa, yaani kuongeza ukali wa picha, noeni luma peke yake. Kunoa kroma ni kuziamsha ngazi mlizozilaza.

Twende mlangoni, faili linatoka. Hapa kuna makosa mawili ambayo si ya kodeki wala ya kamera, ni ya makaratasi. La kwanza ni mipaka: faili limeandikwa kwa 16 hadi 235, pleya inalisoma kana kwamba ni 0 hadi 255. Mteja anasema rangi zimefifia, weusi umekuwa kijivu. Ikiwa kinyume, vivuli vinazama na nywele zinakuwa donge. La pili ni kanuni ya kugeuza: video ya SD, ile ya ukubwa wa zamani, hufuata Rec. 601, HD hufuata Rec. 709, na uzito wa rangi haufanani. Kijani tupu kwa 601 kina luma ya 145; kwa 709 ni 173. Ukikuza kanda ya zamani iwe HD bila kugeuza kanuni, majani yanabadilika na ngozi inabadilika, na hakuna aliyeyagusa. Dawa ya yote mawili ni kugeuza kwa hesabu halisi na kisha kuandika lebo sahihi ndani ya faili. Lebo ya Rec. 709 ni 1-1-1. Faili lisilo na lebo linaachia kila pleya ijikisie.

Kisha kushuka kutoka biti nyingi kwenda 8. Usikate. Nyunyiza kwanza chembe za bahati nasibu zenye ukubwa wa kama ngazi moja, ndipo uviringishe. Mafundi wanaita ditha. Jicho linawastanisha chembe hizo na anga linabaki laini. Tatizo ni kwamba kodeki ikipewa biti chache kwa sekunde, chembe ndogo ndizo za kwanza kuliwa, na michirizi inarudi. Una njia mbili: ongeza kiwango cha data na utumie chembe kubwa kidogo, au toa faili la biti 10 kwa HEVC, kodeki iliyofuata H.264, lenye ngazi 1024, ikiwa unakolipeleka wanalipokea. Kama linakwenda kwenye tovuti ambayo italibana upya, usiwape faili ulilolibana mwenyewe mpaka likabaki mifupa. Wapeni nono, kwa sababu lao litapunguzwa kutoka hapo.

Mwisho kabisa, kabla ya kukabidhi, fungua faili lililotoka, siyo taimlaini, faili lenyewe, na ulitazame kroma yake pekee bila luma. FFmpeg ina kichujio cha extractplanes cha kazi hiyo. Inatisha kidogo mara ya kwanza: picha ya kijivu yenye viraka, isiyofanana na chochote. Lakini ngazi, viraka na mistari ya chanuo huonekana humo waziwazi, kabla luma haijavificha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mlio na klipu zenu, nileteeni hapa mbele. Tutaanza na zile za gizani, maana ndizo zenye kazi, na kila moja tutaifungua kroma kwanza.